Kijiko cha Elimringi na Kiti cha Kuzunguka

Huko Old Moshi mtu akizidiwa na wivu, majirani hawasemi ana roho mbaya. Wanasema, "Huyo kameza kijiko." Usemi huo hawakuuleta wazee wa kale. Umeletwa na Elimringi, na Elimringi mwenyewe yu hai, anakula, anakoroma, na kila asubuhi anashuka mjini kwenda kazini shati likiwa limechomekewa.

Elimringi alizaliwa na ulimi. Utasema sote tumezaliwa nao. La, sisi wengine tulipewa kipande cha nyama cha kumezea ndizi na kusengenyea majirani. Wake ulikuwa ulimi hasa. Akiwa mchanga aligoma kunyonya siku mama yake alipokula vitunguu, akalia mpaka shangazi akaitwa. Alipoanza kutembea, akinywa maji ya mfongo, mfereji unaoshuka toka mlimani, alisema, "Huko juu kuna mtu kafua soksi." Watu wakipanda kuangalia, wanazikuta soksi zimeanikwa, bado zinadondosha.

Mtu wa namna hiyo angeajiriwa wapi kama si kwenye kahawa? Akaingia Njoro, kwenye kiwanda kimoja cha kukoboa. Kahawa ya vihamba vya mlima mzima, hayo mashamba ya nyumbani, huteremkia pale kwa magunia, na kabla haijauzwa lazima mtu aionje. Zinachukuliwa punje chache, zinakaangwa, zinasagwa, zinamwagiwa maji ya moto kwenye vikombe vilivyopangwa mezani. Mwonjaji anapita na kijiko chake. Anavuta kwa kishindo, fyuuup, anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye ndoo, kisha anatoa neno. Akisema njema, gunia linakwenda kwa wanunuzi wakubwa. Akikunja uso, linasukumwa pembeni.

Elimringi aliionja kahawa mpaka ikakiri yenyewe. "Hii ya Kibosho imeanikwa juu ya bati lenye kutu." "Hii ya Mwika waliichuma mume na mke wamenuniana." Siku moja alitema akasema, "Kwenye kihamba hiki kuna mbuzi mwenye mimba." Wakapiga simu. Mbuzi alizaa mapacha jioni ileile, na anayebisha aende akawaulize hao mapacha.

Kijiko chake kilikuwa cha fedha, amerithi kwa mwonjaji wa zamani aliyemfundisha. Alikifunga kwenye leso akakiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Kilikwenda naye kanisani, kilikwenda naye msibani. Mkewe, Mama Godlove, alikiita mke mwenza. "Mwenzangu kaamkaje?" alimuuliza kila asubuhi. "Au leo yeye ndiye atakupikia?"

Na chumba cha maonjo alikifunga kwa ndani. Ukigonga, unasikia, "Nani?" Hata ukiwa meneja, jibu lilikuwa moja tu: "Naonja. Subiri." Basi unasubiri koridoni kama uliyebanwa na tumbo.

Ikafika zamu ya meneja wa zamani kustaafu. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu kabisa ya chumba cha maonjo, na kiti chake kilikuwa cha ngozi nyeusi, cha kuzunguka. Kila kilipozunguka kililia kiii, na Elimringi kule chini alikisikia kupitia mbao. Alikuwa amekisikia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kiwandani pale nani mwingine alikuwa na jina? Wanunuzi wa ng'ambo, wakishuka tu garini, wanamuulizia yeye. Akaanza kujizoeza mapema. Nyumbani alikaa kwenye kigoda akajizungusha, kiii kwa mdomo, mpaka kigoda kikang'oka mguu naye akaenda chini na heshima zake zote.

Kiti akapewa Kindness.

Huyu Kindness aliingia kiwandani kama dada wa mapokezi. Akakaa mapokezi kidogo, akahamishiwa stoo. Stoo kidogo, akapelekwa kupanga safari za malori. Baadaye akawa anazunguka vijijini kuzungumza na wakulima, na mtu akienda likizo, yeye ndiye anayeshika nafasi. Alidonoa kila kona ya kiwanda kama kuku aliyefunguliwa asubuhi. Mashine ikiugua, kuitengeneza hakuweza, lakini alijua ni fundi gani aitwe na ni fundi gani asiitwe hata kwa bahati mbaya. Wakulima wakichemka, alimjua yule mmoja ambaye akitulizwa wote wametulia. Kahawa yenyewe, Mungu amsamehe, aliinywa na maziwa.

"Maziwa!" Elimringi alimwambia mkewe siku ile, kibakuli cha mtori mbele yake. "Mama Godlove, mtu anayetia maziwa kwenye kahawa amenikalia kichwani!"

"Hajakukalia kichwani. Kakaa kwenye kiti."

"Anajua nini yule? Kila kitu nusu! Mimi nimechimba kisima kimoja mpaka nimefika maji. Yeye ana vishimo uwanja mzima, hata chura hawezi kuoga. Mshika mbili..."

"...moja humponyoka, nimeisikia. Yeye kashika kumi, na sijaona lililomponyoka. Kula, mtori unapoa."

Akatia kijiko mdomoni akakunja uso. "Umeungua."

"Haujaungua," alisema Mama Godlove. "Ni huo mdomo wako, kama umemeza kijiko."

Na kweli ulikuwa mdomo. Tangu siku ile kila kitu kilimjia na uchungu kidogo kwa nyuma, maziwa, ndizi, hata maji. Wivu ulikuwa umehamia ulimini, ukapanga vyombo vyake humo.

Faraja ilibaki moja. Kila asubuhi meneja akimkuta mlangoni alisema, "Shikamoo, Mzee Elimringi," naye aliivuta marahaba ndefu kama mfongo. "Marahabaaaa." Marahaba ikiwa bado njiani, yeye ndiye mkubwa. Ikiisha, Kindness anapanda ngazi, yeye anaingia chumbani kwake, na juu ya kichwa chake kiti kinalia kiii.

Kiwanda kikakua. Kikafungua kituo cha kupokelea kahawa Sanya Juu, na Kindness akahitaji naibu. Kililetwa kiti cha pili, pacha wa kile cha kwanza, kikawekwa chumba kilekile cha juu ya maonjo, na Kindness akahamia chumba cha jirani. Elimringi alikiona kinapandishwa ngazi kikiwa bado na nailoni yake. Akavua kofia, akakifuata.

"Meneja," alisema, "nimekuja kwa ajili ya hicho kiti."

"Nilikuwa nakusubiri, Mzee. Kaa."

"Nitakaa ukinipa hicho."

Kindness akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ukipanda huku, chini ataonja nani?"

Elimringi akaigeuza kofia mikononi.

"Hata safari ile meneja wa zamani alipostaafu," Kindness aliendelea, "jina la kwanza kutajwa kwenye bodi lilikuwa lako. Mzee Ebenezeri mwenyewe, mwenyekiti, ndiye aliyeuliza: nani ataonja? Wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaribishwa chumbani kwako. Mimi nimenyanyuliwa kila mahali kwa sababu kila nilipotoka nilimwacha mtu wa kushika kazi. Wewe ni mgomba mzuri, Mzee, una mkungu wa kuangusha ukuta, lakini umekataa kutoa machipukizi. Nani atathubutu kukung'oa?"

"Kwa hiyo nimenyimwa kiti kwa sababu naijua kazi."

"Kwa sababu unaijua peke yako."

Maneno yale yalimchoma, na yalimchoma zaidi kwa kuwa yalikuwa na maziwa ndani yake, yamesemwa kwa upole.

"Fundisha mtu mmoja," alisema Kindness. "Siku bodi itakapokuja, aonje mbele yao. Wewe ukisema amepata, kiti ni chako. Mizigo yako nitaipandisha mwenyewe."

"Sina mizigo. Nina kijiko."

"Kijiko si utamwachia?"

Mkono wa Elimringi ulikwenda mfukoni wenyewe, kama wa mama anayesikia mwanawe anatajwa na mgeni.

Sasa tazama akili ya mtu mwenye wivu. Nusu yake ilitaka kiti, na nusu yake ilitaka pasipatikane mtu wa kushika kijiko. Kwa hiyo alipoambiwa achague mwanafunzi, akamchagua Mektrida.

Mektrida alikuwa mama wa makamo wa kutoka Uru, mchambuzi wa buni, mmoja wa wale wanawake wanaokaa kwenye meza ndefu wakitoa punje mbovu kwa vidole. Mdomo wake ulikuwa haufungwi. Aliongea akichambua, aliongea akila, na wenzake waliapa kwamba huongea hata akipiga chafya, anamalizia sentensi upande wa pili wa chafya. Elimringi akawaza: mdomo usiofungwa ladha itakaa wapi?

Akamfundisha kama bahili anavyogawa nyama. Kijiko cha fedha alimwonyesha kwa mbali, yeye akampa kijiko cha bati kutoka jikoni. Sheria alimpa zote, kwa kuwa sheria hazimpunguzii mtu kitu: kabla ya siku ya kuonja, usiguse kitunguu, usiguse pilipili, usiguse pombe, usijipake mafuta ya kunukia. Huku anasema hivyo yeye anatafuna kitunguu kibichi.

"Na wewe, Mzee?" aliuliza Mektrida.

"Sheria ni ya wanafunzi. Ulimi wangu haulali."

Ladha zenyewe alimnyima. Alivuta, akatema, akanyamaza. Lakini Mektrida, ambaye wote walidhani ana mdomo tu, kumbe alikuwa na macho. Akinyimwa neno, alimwangalia Elimringi usoni. Aliona nyusi ikipanda kwa kahawa iliyochacha, aliona shavu likicheza kwa kahawa tamu, akaonja yeye, akaoanisha. Uso wa mwalimu ndio uliokuwa darasa lake.

Haukupita muda mrefu, akavuta kikombe kimoja akasema, "Hiki kina moshi."

"Kila mtu anaweza kusema moshi," alijibu Elimringi.

"Si moshi wa jiko, Mzee. Moshi wa kuni mbichi. Hawa watu mvua imewakuta, wakaileta kahawa jikoni karibu na moto, na kuni zenyewe zilikuwa za mgravilea."

Elimringi akakirudia kile kikombe. Fyuuup. Kuni mbichi. Mgravilea. Alikitema kwa hasira mpaka ndoo ikayumba, na siku ile akapanda nyumbani akakataa kula kiburu, chakula ambacho hajawahi kukikataa tangu abatizwe.

Tangu hapo akawa na wivu wa aina mbili. Wa kwanza aliuzoea, ule wa ghorofani. Wa pili ulikuwa ubavuni pake, unavaa koti jeupe, unaongea. Mektrida aliuacha mlango wazi! Waliokuwa wakigonga na kuambiwa subiri, sasa waliambiwa, "Ingia, mwanangu, onja na wewe, utaniambia." Madereva waliingia, wachambuzi waliingia. Mzee Ebenezeri alipita siku moja, akavuta kikombe, akapaliwa, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Elimringi alisimama pembeni ya meza yake mwenyewe kama mgeni aliyekosea harusi.

"Si ulitaka kiti?" Mama Godlove alimuuliza. "Mwanafunzi wako akifaulu unapanda. Sasa unanuna nini?"

"Anashika kikombe vibaya."

"Anashika vibaya, au anashika?"



Siku ya bodi ikapangwa iwe Jumatatu. Na Jumapili yake, kama vile shetani ndiye anayetunza kalenda, kitinda mimba wa Elimringi alikuwa anapata kipaimara. Mbuzi wakachinjwa, turubai likafungwa, Mama Godlove akapika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ya kuogesha ukoo. Watu wa kiwandani wote walialikwa.

Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, Elimringi aliaga kwamba anakwenda kuwaangalia ng'ombe. Akazunguka nyuma ya zizi, kwenye ule mche wa pilipili kichaa, zile ndogo zinazotazama juu kama zinamtukana Mungu. Akazichuma, akaanza kuzitwanga juu ya jiwe. Alijiambia anafanya mzaha tu. Ulimi wa Mektrida ukilala siku moja, bodi itasema bado, naye atabaki na chumba chake kwa muda kidogo zaidi. Kiti je? Kiti kingesubiri. Siku ile, kati ya wivu wake wa aina mbili, ule wa ubavuni ndio uliokuwa na nguvu.

"Baba Godlove!" Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. "Pilipili za nini? Nyama nimeshaiunga."

"Za kuku. Wanakohoa."

Mama Godlove akawatazama kuku, wazima, wananenepa. "Kukohoa hukohoa mtu mwenye la kuficha," alisema, akaondoka.

Wageni wakafika. Kindness alikaa karibu na Mzee Ebenezeri. Mektrida alikuja na kitenge cha manjano na habari za Uru nzima, akaketi mbele kabisa. Elimringi akachagua kata yenye povu refu, ile aliyokwisha kuikorogea mambo yake, akaishika kwa mikono miwili, akapita katikati ya watu.

"Mektrida, mwanafunzi wangu," alisema kwa sauti ya kipadri, "kesho ni siku yako. Pokea."

Watu wakapiga makofi. Mektrida akanyoosha mikono, kisha akairudisha magotini. Makofi yakafa. Hata mbuzi aliyebaki akaacha kutafuna.

Mzee Ebenezeri akakohoa. "Elimringi, mbe, bwana. Umesahau nini?"

Mbege haipokelewi hivihivi. Anayekupa hunywa kwanza, mbele ya macho yako, ili ujue anakupa pombe na si kaburi. Mtoto wa Kichagga hulijua hilo kabla ya kujua Baba Yetu, na Elimringi mwenyewe alikuwa ameonja kata za watu maisha yake yote. Lakini wivu ukimkaa mtu machoni humwonyesha mdomo wa mwenzake tu, wa kwake hauoni.

Akagusisha midomo kwenye povu.

"Hilo ni busu," alisema Mzee Ebenezeri. "Kunywa."

Akanywa funda moja. Jamani. Kofia ilipanda yenyewe ikashuka. Jasho lilimtoka likateremka mgongoni, likaingia viatuni, na mgomba aliokuwa amesimama karibu yake ulizaa mwaka ule mkungu wa kubebwa na watu wanne. Wanasema hata theluji ya Kibo ilipungua kidogo adhuhuri ile, na wataalamu wanatafuta sababu mpaka leo. Lakini alitabasamu. Machozi yanashuka, yeye anatabasamu.

"Nzuri," alisema kwa sauti isiyokuwa yake.

Mektrida alikuwa anamwangalia usoni. Uso ule ndio aliosomea. Akauona moto, akaona unatoka wapi, na pengine aliuona hata mche wenyewe nyuma ya zizi.

"Aika, nashukuru, Mzee," alisema taratibu. "Lakini wewe mwenyewe umenifundisha: kabla ya siku ya kuonja, mtu asiguse pombe." Akaitazama kata. "Wala pilipili. Na mimi siwezi kuimwaga chini heshima yako mbele za watu. Basi ninywee na sehemu yangu."

"Na yeye si anaonja kesho?" aliuliza Kindness.

"Ah, Meneja! Sheria ni ya wanafunzi. Ulimi wa Mzee haulali, kaniambia mwenyewe."

Vigelegele vikapigwa. Wanawake wakamzunguka wakiimba, na Elimringi, baba mwenye sherehe, akanywa kata ile mpaka ulezi wa chini. Alipomaliza, Mama Godlove alisimama pembeni yake na kibuyu cha maziwa mgando.

"Kuku wamepona?" alimnong'oneza.

Jumatatu ulimi wake ulikuwa umejaa mdomo mzima. Bodi ikaingia, Mzee Ebenezeri mbele, Kindness nyuma na kikombe chake cha maziwa. Utaratibu ulikuwa huu: wote wawili wanaonja vikombe vilevile, mwanafunzi anasema, mwalimu anasema amepata au amekosa. Elimringi akatoa kijiko cha fedha kwenye leso. Fyuuup. Moto. Kikombe cha pili, moto. Alipita meza nzima, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakujua kama anatema kahawa au maji ya kuoshea vyombo.

Mektrida akafuata na kijiko chake cha bati. Alivuta, akatema, na siku hiyo mdomo ule ukasema machache. Hiki cha juu mlimani, kimeiva vizuri. Hiki kimelala na maganda yake, kimechacha. Hiki kina udongo. Hiki, alisema, mkipeleke kwa wakubwa.

"Elimringi," aliita Mzee Ebenezeri. "Unasemaje?"

Hapo ndipo kila kitu kiliposimama juu ya ulimi uliokufa. Neno moja, amekosa, na mlango unafungwa tena kwa ndani, kijiko kinabaki mfukoni, wote wanabaki koridoni wanasubiri. Nani angembishia? Hakuna mwingine aliyejua. Wala yeye mwenyewe hakujua. Neno lile alilitamani. Lilishafika kwenye meno.

Mektrida alikuwa amerudia kikombe cha mwisho, kwa wasiwasi, na Elimringi akamwona. Alipovuta, kichwa chake kililala kidogo upande wa kushoto.

Ulalo ule ulikuwa wa Elimringi. Zamani alikuwa na gego bovu upande wa kulia, akawa anailaza kahawa kushoto isiliguse. Gego aling'oa, ulalo ukabaki. Hakumfundisha mtu jambo hilo. Nani angefundisha gego bovu? Mektrida hakuwa na jino bovu hata moja, karanga za Uru nzima alizitafuna yeye. Lakini kichwa kililala vilevile, kushoto, kwa kiasi kilekile. Chipukizi halimwombi mgomba ruhusa. Linatokeza ubavuni na majani yanafanana.

"Amepata," alisema Elimringi.

"Vyote?"

"Nimesema amepata. Mnataka niimbe?"

Wanunuzi walipoonja baadaye hawakupata la kubishia.

Mchana Mektrida alikuta kitu juu ya meza, kimefungwa kwa jani la isale. Isale ni jani tu, tunalipanda mipakani, lakini ukiletewa na aliyekukosea, huna ruhusa ya kukataa kusamehe, na yeye hana haja ya kusema amekosa nini. Kwa mtu mwenye kiburi na ulimi uliovimba ni dawa nzuri sana. Ndani ya jani kilikuwamo kijiko cha fedha. Mektrida akalichukua lile isale, akalitia kwenye glasi ya maji dirishani, na kijiko akakitia mfuko wa koti, upande wa moyo.

Elimringi akapanda juu. Akaketi. Akajisukuma kwa mguu, kiii, akaiona Kibo. Kiii, akaona mpunga wa Mabogini ukimeremeta bondeni. Kiii, Kibo tena. Raha ilidumu mpaka simu ilipolia. Lori la Sanya Juu limezama kwenye tope, aitwe nani? Hakujua. Mashine inanguruma vibaya, isimamishwe au iachwe? Hakujua. Wakulima wamefika, wamekasirika, na kati yao hakumjua yule wa kutulizwa. Alikwenda kumuuliza Kindness, akarudi, akaenda tena. Kwa mara ya kwanza aliona wivu hata juu ya vile vishimo vya Kindness vya chura.

Kisha, kupitia mbao, chini ya kiti, akasikia.

Fyuuup.

Ulimi wake, uliokuwa umepona, ukajigeuza mdomoni wenyewe. Kikombe gani hicho? Cha wapi? Akavumilia. Fyuuup. Akasikia wanacheka. Akainuka akashuka ngazi, akijiambia kwamba naibu ana wajibu wa kukagua vyumba vyote, akafika kwenye mlango ambao Mektrida alikuwa akiuacha wazi. Ulikuwa umefungwa. Akagonga.

"Nani?"

"Naibu meneja."

Kicheko kilibanwa kwenye kiganja. Kisha sauti ya Mektrida, nzito, imevutwa puani kama ya mtu fulani:

"Naonja. Subiri."

Akasubiri. Angefanya nini? Aliegemea ukuta wa korido. Kindness akapita na kikombe chake, akamkuta pale, akapunguza mwendo.

"Shikamoo, Naibu."

"Marahaba." Ilikuwa fupi.

"Hapo ulipoegemea pana msumari," alisema Kindness. "Umenichania blauzi mbili, enzi zile nakusubiri."

Elimringi akaruka, lakini alikuwa amechelewa. Msumari ulikuwa umeshika mfuko wa shati, ule mtupu, ukauning'iniza. Ndani wakavuta tena, fyuuup, na bila kujijua, pale koridoni, kichwa chake kikalala kidogo upande wa kushoto.